Zana za kuua programu iliyoganda kwenye Windows: ipi inalenga vizuri?

Dirisha limepauka, kishale kimegeuka duara linalozunguka, na juu kabisa jina la programu limeongezewa maneno "Not Responding". Kubofya alama ya X mara kumi hapo ni kutwanga maji kwenye kinu. Zana za kuimaliza programu ya namna hiyo ni nyingi, kadhaa zimo ndani ya Windows yenyewe, na karibu zote husifiwa kwa kasi. Kasi ni kipimo dhaifu. Zana za kuua kwa nguvu hufikia kitendo kimoja, TerminateProcess, kinachokata mchakato (yaani programu inavyoendeshwa ndani ya kompyuta) papo hapo bila kuupa nafasi ya kuhifadhi chochote. Tofauti iko kwenye kulenga: nani anachagua wa kuuawa, na kwa kigezo gani. Wahenga walisema ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni. Hapa mtazame sana, maana nyani mwenyewe huenda ameshika kazi yako ya asubuhi nzima.

Windows inajuaje kwamba programu imeganda? Kila programu yenye dirisha ina foleni ya ujumbe: mbofyo wa kipanya, kitufe cha kibodi, agizo la kuchora dirisha upya, vyote hupanga mstari humo, na programu yenye afya huja kuvichukua kimoja kimoja. Zikipita sekunde 5 bila programu kuja kwenye foleni, Windows huihesabu imeganda, hulificha dirisha lake na kuweka mahali pake dirisha mzuka lililopauka, ambalo angalau unaweza kulisogeza au kulifunga. Hiyo ndiyo maana yote ya "Not Responding". Programu inayohifadhi faili kubwa, au inayosubiri diski ya mtandao iliyokatika, nayo huchelewa kwenda kwenye foleni na hupachikwa jina hilohilo, ingawa haijafa.

Kwa hiyo kabla ya kushika panga, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni kisanduku kilichojificha. Programu ikikuuliza swali kwenye kisanduku kidogo kilichozama nyuma ya dirisha kubwa, dirisha hilo halikubali mbofyo hata mmoja, na kila ukibofya unasikia mlio tu. Bonyeza Alt+Tab au punguza madirisha mengine ukitafute. Cha pili ni safu za CPU (ubongo wa kompyuta) na Disk kwenye Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa, inayofunguka kwa Ctrl+Shift+Esc. Ziangalie kwa nusu dakika hivi. Diski ikisoma na kuandika, iache programu imalize. CPU na Disk zote zikibaki sifuri, programu inasubiri kitu ambacho huenda hakitakuja. Kisha kuna hali inayodanganya wengi: kwenye kompyuta yenye prosesa za kimantiki 8 (mikono ya CPU inayofanya kazi kwa pamoja), programu inayozunguka mahali pamoja ikitumia prosesa moja tu huonyesha kama asilimia 12 au 13, kwa sababu mia gawanya kwa nane ni 12.5. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini ikikaa palepale bila kupanda wala kushuka, ni alama ya kitanzi kisicho na mwisho au hesabu nzito.

Alt+F4 inastahili mstari mmoja tu wa sifa: ni ya adabu. Inaiomba programu ijifunge yenyewe, na programu hupata nafasi ya kuuliza kama uhifadhi. Ila ombi lenyewe linapita kwenye foleni ileile ambayo programu iliyoganda haiigusi. Vitufe ulivyobonyeza kwa hasira wakati huo vinaweza kukaa mstarini vikisubiri, na programu ikizinduka dakika mbili baadaye hutekeleza vyote kwa mpigo. Tena, ukiibonyeza wakati deskitopu ndiyo iliyochaguliwa, kinachofunguka ni kisanduku cha kuzima kompyuta.

Task Manager ni zana ya zamani. Ilikuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996, na bado ndiyo ya kutegemewa zaidi kwa sababu ya namna inavyoitwa. Ctrl+Shift+Esc haipitii kwenye menyu wala kwenye upau wa kazi, kwa hiyo hufanya kazi hata kama deskitopu imepotea. Task Manager yenyewe ikiganda, bonyeza vitufe hivyohivyo tena: Windows hujaribu kuiamsha ile ya kwanza, na isipoamka ndani ya sekunde 10 hivi hukufungulia nyingine.

Udhaifu wake ni orodha isiyotulia. Ukiipanga kwa CPU, majina yanarukaruka, na unapobofya moja, lililo chini ya kishale limeshabadilika. Shikilia kitufe cha Ctrl: orodha inasimama tuli mpaka ukiachie. Wachache wanalijua jambo hili, na ndilo linalotofautisha kuua unayemtaka na kuua jirani yake. Halafu ongeza safu ya Status kwa kubofya kulia kwenye vichwa vya safu, ili uone nani hasa hajibu.

Kichupo cha Details kinafaa zaidi ya kile cha Processes kwa kazi hii. Bofya kulia jina la programu kisha "Analyze wait chain". Dirisha dogo linakuonyesha programu inamsubiri nani. Mara nyingi utakuta programu ya kuandikia haina kosa: inaisubiri splwow64.exe, ambayo huzisaidia programu za biti 32 kuchapisha kwenye Windows ya biti 64, na yenyewe imenasa kwa printa iliyozimwa. Weka tiki kwenye splwow64.exe peke yake, maliza huyo, na mara nyingi programu yako hurudi na kazi yake yote. Kati ya zana zote humu, hii ndiyo inayookoa kazi nyingi zaidi, na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote. Haisaidii pale programu inapozunguka kwenye kitanzi, kwa kuwa hapo haimsubiri mtu.

Kwenye Windows 11, tangu toleo la 23H2 la mwaka 2023, kuna kitufe cha "End task" kwenye upau wa kazi wenyewe. Hakiji kikiwa kimewashwa. Kwenye toleo hilo ingia Settings, kisha System, kisha For developers, uwashe swichi ya End Task. Usipoiona hapo, andika "End task" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Settings. Kuanzia hapo, ukibofya kulia ikoni ya programu iliyofunguliwa, "End task" inakaa karibu na "Close window". Kwa mtumiaji wa kawaida hii ndiyo ningeiweka ya kwanza. Unalenga kwa macho, kwa ikoni unayoijua, bila kusoma majina ya faili.

Kasoro yake inaonekana vizuri kwenye Excel. Tangu Excel 2013 kila kitabu hufunguka kwenye dirisha lake, lakini vyote huendeshwa na mchakato mmoja, EXCEL.EXE. Umefungua vitabu vinne, kimoja kimeganda kwa sababu ya fomula nzito. Ukibofya "End task" kwa kukilenga hicho, vyote vinne vinakwenda. AutoRecover, uhifadhi wa kujiendesha wa Excel, huhifadhi kila dakika 10 isipokuwa umeibadilisha, kwa hiyo unaweza kupoteza karibu dakika 10 za kazi kwenye kila kitabu. Kinga iko mapema: shikilia Alt unapoifungua Excel mpaka ikuulize kama unataka nakala mpya, ukubali, na kitabu kizito kifungulie humo. Kikiganda kitakufa peke yake.

Vivinjari vina tatizo la jinsi hiyo, ila vina dawa nzuri zaidi. Chrome na Edge zina meneja yao ya ndani: bonyeza Shift+Esc ukiwa kwenye kivinjari, chagua kichupo kilichokwama, maliza hicho tu. Firefox ina ukurasa wake, andika about:processes kwenye upau wa anwani. Kumaliza kivinjari kizima kwa sababu ya kichupo kimoja ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya.

Sasa tuje kwenye ile njia ya mkato inayosambazwa kila mahali, ya kuweka kwenye deskitopu na kuibofya mara mbili mambo yakikwama. Ndani yake kuna mstari huu:

taskkill.exe /f /fi "status eq not responding"

Maana yake: taskkill ni amri ya Windows ya kuua programu, /f ni kwa nguvu, /fi ni kichujio, na kichujio kinasema chukua kila mchakato ambao hali yake ni kutojibu. Kuitengeneza, bofya kulia deskitopu, chagua New kisha Shortcut, bandika mstari huo, bonyeza Next, upe jina. Halafu bofya kulia njia hiyo, ingia Properties, na kwenye Run chagua Minimized ili dirisha jeusi lisikurukie usoni. Kwenye Shortcut key unaweza kuweka Ctrl+Alt+K au mchanganyiko wowote ulio huru.

Inafanya kazi, na kweli ni ya haraka. Lakini fikiria inavyolenga: hailengi. Inachukua kila aliye kwenye orodha wakati ule. Kompyuta ikipungukiwa memori na kuanza kusoma na kuandika diski bila kupumua, programu tatu au nne zinaweza kupitisha sekunde 5 kwa pamoja, moja tu ikiwa mgonjwa wa kweli. Mbofyo mmoja unazifuta zote, pamoja na ile iliyokuwa imebakiza nusu dakika imalize kuhifadhi.

Hatari ya pili ni Explorer. Explorer ndiyo inayochora deskitopu, upau wa kazi na madirisha ya folda. Ikiganda, mara nyingi kwa sababu ya folda ya mtandao isiyopatikana, nayo huingia kwenye kichujio. Ikiuawa kwa taskkill kwa kawaida hairudi yenyewe: unabaki na skrini tupu na mtu anadhani kompyuta imeharibika. Ikikufika, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, chagua "Run new task", andika explorer.exe, bonyeza Enter. Na kama Explorer ndiyo iliyoganda tangu mwanzo, ile Shortcut key haitafanya lolote, kwa sababu anayeisikiliza ni Explorer huyohuyo.

Dawa ni kuongeza kichujio cha pili na kujiwekea kituo cha ukaguzi. Fungua Notepad, andika mistari hii minne, uhifadhi kwa jina linaloishia na .bat, ukihakikisha Notepad haijakuongezea .txt mwishoni:

tasklist /fi "status eq not responding"
pause
taskkill /f /fi "status eq not responding" /fi "imagename ne explorer.exe"
pause

Mstari wa kwanza hauui mtu. Unaorodhesha tu waliogoma, ukiwa na jina na namba ya kila mmoja. Ukiridhika, bonyeza kitufe chochote. Ukiona jina usilotaka lifutwe, funga dirisha na utumie namba ya unayemtaka: taskkill /f /pid kisha namba hiyo. Kwa kituo hiki unapoteza sekunde tatu, na zana iliyokuwa bomu inakuwa mshale. Bila mistari hii minne nisingeiweka kwenye kompyuta ya ofisi.

Makosa yanayojirudia kwenye taskkill ni machache. Ukisahau alama za kunukuu, amri inakataa. Ukinakili kutoka mahali palipopinda alama hizo, inakataa vilevile, kwa hiyo zifute uziandike kwa mkono. Jibu la "No tasks running with the specified criteria" halina maana kwamba amri ni mbovu: ni kwamba Windows haioni mtu asiyejibu. Hili hutokea sana kwa programu zisizo na dirisha, kama huduma za nyuma, ambazo hali yake huandikwa UNKNOWN hata zikiwa zimeganda kama jiwe. Hizo ziue kwa jina, kwa mfano taskkill /f /im jina.exe, ukikumbuka kwamba jina moja hufuta nakala zote zenye jina hilo. Jibu la "Access is denied" mara nyingi linamaanisha programu ilifunguliwa kwa haki za msimamizi. Ifungue njia yako ya mkato kwa "Run as administrator".

Kuna pia /t, inayoua mchakato pamoja na watoto wake. Itumie pale tu programu inapoacha mabaki yanayozuia isifunguke tena. Watoto kwa Windows ni chochote kilichozinduliwa na mzazi huyo. Kama kivinjari kilifunguka kwa sababu ulibofya kiungo ndani ya programu ya barua pepe, kinaweza kuhesabiwa mtoto wake na kuzikwa naye.

SuperF4 ni programu ndogo ya nje, ya bure, kwa wanaopenda vitufe. Ctrl+Alt+F4 huua programu iliyo mbele. Kitufe cha Windows pamoja na F4 hugeuza kishale kuwa cha kuulia, ukibofya dirisha limekwenda, Esc hughairi. Inafaa hasa kwa michezo iliyojaza skrini nzima na kuganda, ambapo Task Manager hufunguka ikabaki nyuma ya picha. Kwa tatizo hilo Task Manager nayo ina jibu: iwekee mapema "Always on top" kwenye mipangilio yake. Nisichokipenda kwenye SuperF4 ni ukaribu wa Ctrl+Alt+F4 na Alt+F4. Kidole kikigusa Ctrl kwa bahati mbaya, hakuna atakayekuuliza kama unataka kuhifadhi.

Process Explorer ni ya daraja jingine. Ilitengenezwa na Mark Russinovich chini ya jina la Sysinternals, na Microsoft iliinunua kampuni yake mwaka 2006. Ni bure, haisakinishwi: pakua, fungua, tumia. Kwenye upau wake kuna alama ya shabaha. Iburute uiachie juu ya dirisha lolote, nayo inakuangazia mchakato wenye dirisha hilo. Kwa kulenga sioni inayoizidi, hasa pale kisanduku cha ajabu kinapotokea na hujui mwenyewe ni nani. Michakato inaonyeshwa kama mti, kwa hiyo unamwona mzazi na watoto kabla ya kukata. Del huua mmoja, Shift+Del huua mti mzima.

Kinachonivutia zaidi ni Suspend. Badala ya kuua, unausimamisha mchakato. Programu inayokula CPU yote na kufanya kompyuta nzima isitembee inanyamaza, wewe unahifadhi kazi kwenye programu nyingine kwa utulivu, kisha unarudi na kuchagua Resume au Kill. Na Windows ikikuambia faili haliwezi kufutwa kwa sababu linatumika, Ctrl+F, andika jina la faili, utaonyeshwa anayelishikilia. Ubaya wake ni wingi wa habari. Asiyejua csrss.exe au wininit.exe ni nini asizijaribu kwa udadisi. Kuzimaliza kwa nguvu huleta skrini ya bluu.

Kuna ushauri mmoja wa kukwepwa: kupunguza HungAppTimeout kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kutoka milisekunde 5000 hadi 1000, eti Windows igundue walioganda mapema. Kinachobadilika ni tafsiri ya kuganda, kasi ya kompyuta ni ileile. Programu yenye afya inayovuta pumzi kwa sekunde mbili itapachikwa jina la maiti. Hilo pamoja na njia ya mkato isiyochagua ni kiberiti na petroli.

Kwenye Mac kazi hii ni nyepesi zaidi: Command+Option+Esc, chagua jina, Force Quit. Ukishikilia Option huku umebofya kulia ikoni kwenye Dock, Quit inageuka Force Quit. Linux ina mpangilio ninaouheshimu kuliko wote, kwa kuwa unatenganisha wazi kuomba na kuua: kill ya kawaida hutuma ishara namba 15 ambayo programu inaweza kuipokea na kujifunga vizuri, na kill -9 haiwezi kukataliwa. Anza na 15, subiri kidogo, ndipo 9. Amri ya xkill, ya kuua kwa kubofya dirisha, ni ya X11, mfumo wa zamani wa madirisha. Madirisha halisi ya Wayland, mfumo mpya, haiyagusi.

Mara nyingine hakuna zana inayofua dafu. Umebofya, umetuma amri, jina bado limo kwenye orodha. Sababu ya kawaida ni kwamba mchakato una ombi lililonasa ndani ya draiva (programu inayoendesha kifaa kama printa au diski), na Windows haiwezi kuuzika mpaka draiva ijibu. Chomoa flashi au diski ya nje uliyokuwa ukiisoma, zima na uwashe printa, kata mtandao kwa muda. Ombi likishindwa, mchakato hutoweka wenyewe. Kama ni picha iliyokwama na sauti bado inasikika, jaribu Windows+Ctrl+Shift+B: skrini hupepesa na draiva ya picha huanza upya, programu zikibaki zilipo. Ikishindikana, bonyeza Ctrl+Alt+Del, mchanganyiko ambao programu ya kawaida haiwezi kuuteka, kisha shikilia Ctrl huku ukibofya alama ya kuzimia iliyo kona ya chini. Windows itakuonya kwamba hii ni kuwasha upya kwa dharura na kwamba ambacho hakijahifadhiwa kitapotea. Ukikubali haisubiri programu yoyote.